Sindano ya Mgongo: Mulago na Saratani Iliyojificha Ubongoni

Mwishoni mwa miaka ya 1960, madaktari wa Hospitali ya Mulago, Kampala, walizoea kuona jambo ambalo wenzao wa Ulaya waliliona kwa nadra sana: uvimbe wa saratani ukiyeyuka ndani ya siku chache. Mtoto aliletwa taya limevimba, meno yamelegea, jicho limesukumwa nje ya tundu lake. Akipewa dozi ya siklofosfamidi, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, uvimbe ulianza kunywea, na baada ya muda si mrefu sura aliyoijua mama yake ilikuwa imerudi. Wazazi walimshukuru Mungu, wakafunga mizigo na kurudi kijijini.

Kisha baadhi yao walirudi tena. Safari hii taya lilikuwa zima. Kope moja ndiyo iliyokuwa imeanguka na haiinuki, au mdomo ulikuwa umekwenda upande, au miguu ilikuwa imeishiwa nguvu. Ugonjwa ulikuwa umefukuzwa usoni, lakini ulikuwa umekwishaingia mahali ambapo dawa ya mshipani haikufika vya kutosha: kwenye tando zinazofunika ubongo na uti wa mgongo, na katika maji yanayozunguka kati ya tando hizo.

Namna binadamu walivyojifunza kuufuata ugonjwa huko husimuliwa zaidi kwa kutaja Boston na Memphis, na miji hiyo inastahili kutajwa. Lakini sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu nani yumo hatarini, kwa sababu gani na afanyiwe nini, ilipatikana Kampala, kwa watoto wa Uganda na majirani zake. Sehemu hiyo haitajwi inavyostahili.

Mwanzo wake ni mwaka 1957. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946 na ambaye tangu utotoni alikuwa na jicho moja tu, aliitwa wodini na daktari mwenzake, Hugh Trowell, akamwone mtoto wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa na uvimbe pande zote nne za taya, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuna maambukizi ya kawaida yanayofanya hivyo. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alimwona msichana mwenye uso wa namna hiyohiyo, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe humo pia. Akarudi Mulago akafukua majalada ya zamani. Kesi zilikuwamo, moja hapa nyingine pale, kila moja imeandikwa kwa jina lake. Hakuna aliyekuwa ameziona kuwa ni ugonjwa mmoja, saratani inayoitwa leo limfoma ya Burkitt.

Makala yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza na haikuwashtua watu. Ndipo alipoanza kuuliza ugonjwa huu unapatikana wapi na wapi haupatikani. Kwa ruzuku ndogo ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha na kuvituma katika hospitali za serikali na za misheni kote barani. Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford, pamoja na madaktari Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, na Cliff Nelson. Kwa wiki kumi walisafiri takriban maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na swali lilelile: je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii?

Majibu yalichora ramani. Ugonjwa ulikuwako kwenye mabonde yenye joto na mvua, pwani na kandokando ya maziwa, ukapungua na kutoweka nyanda za juu zilipoanza. Milima ya Rwanda na Burundi haikuwa nao. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa kuliko bara, ulikuwa nadra pia. Ramani ya ugonjwa ililaliana na ramani ya malaria. Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti Anthony Epstein, aliyeomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964, kwa hadubini ya elektroni, Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona humo virusi ambavyo havijawahi kuelezwa. Ndivyo vinavyoitwa leo virusi vya Epstein-Barr, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hiyo ndiyo sehemu inayojulikana, na filamu na vitabu vimeisimulia. Swali la ubongo lilikuja baadaye, na lina mizizi ya zamani zaidi.

Mwaka 1885, mjini Berlin, Paul Ehrlich alidunga wanyama rangi katika damu na kuona karibu viungo vyote vikibadilika rangi isipokuwa ubongo. Yeye alidhani ubongo hauipokei tu rangi hiyo. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alilipindua jaribio mwaka 1913: akaitia rangi moja kwa moja katika maji ya uti wa mgongo, na safari hii ubongo ukawa buluu huku mwili uliobaki ukiwa vilevile. Kumbe rangi ilikuwa inazuiwa njiani. Kizuizi chenyewe kilionekana waziwazi mwaka 1967, pale Thomas Reese na Morris Karnovsky walipoonyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba seli zinazojenga kuta za mishipa midogo ya ubongo zimeshikamana bila kuacha upenyo. Sumu nyingi hazipiti hapo. Dawa nyingi za saratani nazo hazipiti.

Ujuzi wa kuyafikia maji hayo ulikuwa umeanza mwaka 1891, mjini Kiel, Ujerumani, pale Heinrich Quincke alipoeleza jinsi ya kupitisha sindano kati ya pingili za chini za mgongo ili kupunguza shinikizo la maji kichwani kwa watoto wagonjwa. Wanapatholojia wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kueleza, tangu mwaka 1870, tando za ubongo zilizojaa seli za saratani kwa watu waliofariki. Lakini kwa miaka mingi hilo lilibaki jambo la chumba cha maiti: saratani ikifika huko, mgonjwa amekwisha.

Kilichobadilisha mambo ni dawa zilipoanza kufanya kazi. Sidney Farber wa Boston alitangaza mwaka 1948 kwamba watoto wenye lukemia, yaani saratani ya damu, wamepata nafuu ya muda kwa dawa. Kadiri nafuu ilivyorefuka, ndivyo watoto wengi zaidi walivyorudi wakiwa na maumivu ya kichwa, wanatapika, macho yamepinda, ilhali damu na uboho wao ni safi. Zaidi ya nusu ya waliokuwa wamepata nafuu ugonjwa uliwarudia kwanza ubongoni. Si kwamba dawa ziliusukuma ugonjwa huko. Seli chache zilikuwa zimejificha tangu mwanzo, ila hapo zamani watoto walifariki kabla hazijapata muda wa kuongezeka. Kila mara saratani inapopata dawa bora ya mwili, ubongo hugeuka kuwa ngome ya mwisho.

Katika hospitali ya St. Jude, Memphis, Donald Pinkel aliamua kwamba asisubiri dalili. Katika jaribio lake la tano, lililoanza mwaka 1967, kila mtoto alipigwa mionzi kichwani na kutiwa dawa ya methotreksati mgongoni hata kama maji yake yalikuwa safi. Karibu nusu yao walipona kabisa, katika ugonjwa uliokuwa ukihesabiwa kuwa hukumu ya kifo.

Mwaka huohuo wa 1967 ndipo kituo cha kutibu limfoma kilipofunguliwa Mulago, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Burkitt alikuwa amekwisha kuondoka Uganda mwaka uliotangulia. Aliyepewa kituo ni Mmarekani kijana, John Ziegler. Kituo kilikuwa kidogo, ndani ya majengo ya Mulago ya zamani, lakini kilikuwa na kitu ambacho hospitali nyingi kubwa hazikuwa nacho: kilifuatilia wagonjwa wake. Mtoto asiporudi siku yake, wafanyakazi walipanda gari wakamtafuta kijijini, wakiuliza njia kwa wajumbe na walimu hadi wafike mlangoni. Bila hao waliokula vumbi, takwimu za Mulago zisingekuwa na thamani yoyote, maana mtoto aliyepotea huweza kuhesabiwa kuwa amepona au amekufa, kwa jinsi mwandishi anavyopenda.

Ziegler na wenzake walianza kutoa maji ya mgongo kwa utaratibu. Mtoto hulazwa ubavu, magoti yakavutwa hadi karibu na kidevu, na muuguzi humkumbatia ili mgongo upinde na pingili ziachane. Daktari hupapasa ncha za mifupa ya nyonga. Mstari unaoziunganisha hupita karibu na pingili ya nne ya kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha na imebaki mishipa ya fahamu inayoelea majini. Sindano huingia polepole, na ikipita utando mgumu mkono wa daktari huhisi kitu kikiachia. Matone hutoka moja moja, kwa kawaida meupe kama maji ya kunywa. Yakiwa na ukungu, kuna jambo.

Maabara huyazungusha kwa kasi ili seli zikae chini, kisha huzipaka kwenye kioo na kuzitia rangi. Seli za Burkitt hujitambulisha zenyewe: mduara mweusi wa kiini, ukanda wa buluu iliyokolea kuuzunguka, na ndani ya buluu hiyo vitobo vyeupe vilivyoachwa na mafuta. Akishaziona hizo mbili tatu kwenye maji ya mgongo, msomaji wa hadubini hahitaji kuulizwa tena.

Walichokiandika Ziegler na wenzake mwaka 1970 kuhusu ubongo na limfoma ya Burkitt, na mwaka 1971 kuhusu kutia dawa mgongoni, kilikuwa kigeni kwa mambo mawili. Kwanza, ugonjwa ulikuwa ukiingia kwenye tando za ubongo mara nyingi, wakati uboho wa watoto hao hasa ulikuwa salama. Kwa lukemia uboho ndio chanzo. Pili, kurudi kwa ugonjwa ubongoni peke yake hakukuwa lazima kuwe mwisho. Mtoto wa lukemia aliyerudiwa ubongoni kwa kawaida aliharibikiwa uboho muda mfupi baadaye. Mtoto wa Mulago aliyetiwa methotreksati au saitarabini kwenye maji ya mgongo aliweza kupata nafuu tena, na wengine waliishi.

Nani basi aliyekuwa hatarini zaidi? Majibu yalitoka kitandani, kwa kulinganisha waliorudiwa na wasiorudiwa. Kwanza ni ukubwa wa ugonjwa siku ya kufika. Ziegler aliupanga kwa herufi: A kwa uvimbe wa mahali pamoja nje ya tumbo, B kwa mahali pengi nje ya tumbo, C kwa uvimbe wa tumboni, D kwa tumbo pamoja na kwingineko. Waliosambaa zaidi ndio waliorudiwa zaidi. Pili ni mahali uvimbe ulipo. Ulioota juu ya taya au nyuma ya jicho uko jirani na sakafu ya fuvu, na mishipa ya fahamu inayotoka ubongoni kwenda usoni hupita papo hapo. Seli hufuata njia hiyohiyo kwenda juu. Ulioota kando ya pingili za mgongo hupenya katika matundu ya mishipa na kuubana uti, na huo ndio uliolemaza miguu. Tatu ni uboho: ukishaathirika, seli zina njia fupi, kupitia vishipa vinavyotoka kwenye mfupa wa fuvu hadi kwenye tando.

Juu ya yote hayo ipo kasi. Seli za saratani hii zina uwezo wa kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na hakuna saratani ya binadamu inayokua upesi kuliko hiyo. Kwa hiyo wiki tatu za kusubiri nauli, au za kumpeleka mtoto kung'olewa meno yanayodhaniwa kuwa mabovu, zaweza kumtoa kwenye herufi A na kumfikisha kwenye D. Umbali wa kijiji na hospitali si neno la kitabibu, lakini kwa maoni ya mwandishi huyu unastahili kuandikwa miongoni mwa visababishi vya hatari, tena juu kabisa ya orodha.

Mwaka 1972 tuzo ya Lasker, yenye heshima kubwa kabisa katika tiba ya Marekani, ilitolewa kwa kundi la waliothibitisha kwamba dawa zinaweza kuponya saratani. Burkitt na Ziegler walikuwamo, na Pinkel pia. Alikuwamo vilevile Mwafrika, Victor Anomah Ngu wa Cameroon, mpasuaji aliyetibu limfoma hiyohiyo Ibadan, Nigeria. Jina lake hutajwa kwa nadra sana Afrika Mashariki, na hilo ni kosa.

Wakati huohuo Kampala ilikuwa inaingia gizani. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka Januari 1971, na kufikia mwisho wa mwaka 1973 Wamarekani walikuwa wamekwisha kuondoka. Kituo kilibaki mikononi mwa Charles Olweny, Mganda aliyesomea Makerere. Dawa zilipatikana kwa shida, wasomi walikimbia, na bado utafiti haukukatika. Mwaka 1977 Olweny na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililouliza kama mionzi ya kichwa na uti mzima ingewalinda watoto wa Burkitt kama ilivyowalinda watoto wa Memphis. Jibu lilikuwa hapana. Ugonjwa uliwarudia ubongoni vilevile.

Matokeo ya namna hiyo hayampi mtu tuzo, lakini yaliwaokoa watoto wengi na adhabu isiyo na faida. Mionzi kwenye ubongo unaokua huacha alama: masomo huwa magumu, kimo hudumaa, na wengine hupata uvimbe mpya miaka mingi baadaye. Kwa lukemia, ni mwaka 2009 tu St. Jude ilipochapisha ushahidi kwamba mionzi ya kinga inaweza kuachwa kabisa ikiwa dawa za mwilini na za mgongoni zitatumiwa ipasavyo. Magonjwa haya mawili si mamoja, na haifai kuyalinganisha sawa kwa sawa. Hata hivyo, madaktari wa Kampala walikuwa wamekwisha kuonyesha, miaka 32 kabla, kwamba kanuni ya ugonjwa mmoja haihamishiki kwenda kwa mwingine bila kupimwa.

Upande wa pili wa Ziwa Victoria, Tanzania ilijaribu kuuzuia ugonjwa usianze. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto wa chini ya miaka kumi wa North Mara, ambako hospitali ya Shirati ilikuwa imeweka kumbukumbu za ugonjwa huu kwa miaka mingi, waligawiwa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi. Limfoma ilipungua. Tatizo ni kwamba ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na malaria nayo ilipanda tena kadiri vijidudu vilivyozoea dawa, hivyo hakuna aliyeweza kuapa kwamba klorokwini ndiyo iliyofanya kazi.

Ziegler mwenyewe aliukuta ubongo tena mahali ambapo hakuutarajia. Mwaka 1984, akiwa San Francisco, aliongoza ripoti ya limfoma kwa wanaume 90 mwanzoni mwa janga la Ukimwi. Zaidi ya theluthi moja yao walikuwa na saratani ubongoni au kwenye tando zake. Kinga ya mwili ilipoanguka, ugonjwa wa watoto wa Mulago ulipata ndugu yake kwa watu wazima wa California, na mtu aliyekuwa amejifunza kutazama maji ya mgongo Kampala alijua pa kuanzia.

Leo mafunzo hayohayo yanarudi katika saratani nyingine. Wanawake wenye saratani ya matiti ya aina inayotibika kwa trastuzumabu huishi miaka mingi zaidi kuliko zamani, na kwa wengi wao ubongo ndio mahali ugonjwa unapojitokeza tena, kwa kuwa dawa hiyo hupenya humo kwa shida. Saratani za mapafu na melanoma hufanya vivyo hivyo. Wapasuaji nao wamejifunza jambo la kutisha: uvimbe uliohamia kwenye ubongo wa nyuma ukitolewa vipande vipande badala ya kutolewa mzima, seli huweza kumwagika kwenye maji na kupanda kwenye tando. Katika limfoma za watu wazima, ugonjwa ulioingia kwenye figo, tezi za juu ya figo au korodani humfanya daktari aufikirie ubongo mapema.

Sindano ya mgongo ingali inachomwa Mulago, na inachomwa Dar es Salaam, Nairobi na Blantyre. Mtoto wa Burkitt hupewa siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati mwilini, na mgongoni hutiwa methotreksati, mara nyingine pamoja na dawa nyingine, hata kama maji yake ni safi. Kuna sheria moja ambayo kila muuguzi wa wodi hizo hufundishwa: vinkristini haikai kwenye trei moja na dawa za mgongo, kwa sababu ikiingia mgongoni kwa bahati mbaya huua.

Kituo cha mwaka 1967 ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Baada ya Olweny kiliongozwa na Edward Mbidde, kisha Jackson Orem, na mwaka 2015 lilifunguliwa jengo jipya kwa ushirikiano na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle. Mwaka uliofuata mashine pekee ya mionzi nchini Uganda iliharibika, na wagonjwa wengi wa saratani nyingine wakakosa tiba. Watoto wa Burkitt waliendelea kutibiwa, kwa kuwa tiba yao ni dawa za mshipani na za mgongoni, na mionzi ilikuwa imeachwa tangu siku za Olweny.

Lakini wapo wanaofika wakiwa wamekwisha kudondoka kope. Wengine hupata nafuu baada ya dozi ya kwanza, uvimbe ukanywea, mzazi akaona hakuna haja ya kuuza mbuzi mwingine kwa nauli, na sindano ya pili ya mgongo isichomwe. Hospitali kadhaa za ukanda huu sasa hulipa nauli na kuipatia familia mahali pa kulala karibu na wodi, na hupiga simu siku moja kabla ya miadi.